Zebaki Chini ya Kitanda cha Bibi

Kila asubuhi kabla sijaenda shule, nilimkuta bibi yangu, Bibi Mbuke, ameshakaa kwenye kigoda uani akikata viazi vitamu vya kukausha, vile tunavyoviita michembe. Tuliishi Kalangalala, Geita mjini, lakini yeye hakuacha mambo ya kwao Kishapu. Kisu chake kilipita upesi kwenye kiazi, na vipande vilitoka vyembamba, vyote sawa. Majirani waliviwekea oda hata kabla havijakauka.

Mama yangu, Serafina, alifanya kazi mwaloni, mahali wanapoosha mchanga wenye dhahabu. Zebaki yake ya kunasia dhahabu aliitia kwenye chupa, akaifunika kwa maji, akakaza kizibo, kisha akaificha chini ya kitanda cha bibi. Mwizi asingetafuta hapo. Watu wengi wa mwaloni hufanya hivyo, na sijawahi kusikia mtu akiuliza ni nani anayelala juu yake.

Siku moja mama akiwa kazini, nilitoa ile chupa nimwonyeshe rafiki yangu Aneth. Nilimimina zebaki kidogo kiganjani. Iling'aa, ikateleza, ikaanguka na kutawanyika kwenye nyufa za sakafu ya chumba cha bibi. Tulijaribu kuiokota ikatushinda. Nikajaza maji kwenye chupa mpaka usawa uleule, nikairudisha mahali pake.

"Noela, umeigusa zebaki yangu?" mama aliniuliza baadaye, alipoona imepungua.

"Sijaigusa," nilijibu bila kupepesa macho.

Akamlaumu muuzaji kwamba amempunja, yakaisha. Mimi nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Miezi mitatu ikapita. Mikono ya bibi ilianza kutetemeka. Chai ilimwagika, usingizi ukamkimbia, na yeye aliyekuwa mpole akawa anagombana na kila mtu. Siku alipojikata kidole vibaya, mama alimnyang'anya kisu.

"Ni uzee tu, mama. Pumzika," alimwambia.

Bibi akalia mbele yetu. Sikuwahi kumwona akilia.

Wiki hiyohiyo, Mwalimu Enock alitufundisha msawazo katika somo la kemia. Alipoona tumemkodolea macho tu, alifunga kitabu.

"Fikirieni chupa yenye maji kidogo, imezibwa," alisema. "Chembe nyingine zinaruka kuwa mvuke, nyingine zinarudi kuwa maji. Mwishowe zinazoruka zinalingana na zinazorudi. Ukitazama, utadhani hakuna kinachotokea. Nishati huru, ile inayosukuma badiliko litokee lenyewe, imeshuka hadi chini kabisa. Huo ndio msawazo."

"Na kizibo kikitolewa?" Aneth aliuliza.

"Mvuke unakwenda zake, haurudi. Msawazo haufikiwi. Kimiminika kitaendelea kuruka mpaka kiishe, bila moto wowote. Hata zebaki ni hivyo, ila mvuke wake hauonekani, haunuki, na ni sumu."

Aneth alinigeukia. Kengele ilipolia nilimfuata mwalimu nje.

"Mwalimu, zebaki ilimwagika chumbani, nyumbani kwetu."

"Nani analala humo?"

"Bibi."

Tuliondoka naye saa ileile. Tulimkuta mama uani, na mwalimu alipomweleza kwamba huenda mvuke wa zebaki unamdhuru bibi, alikasirika.

"Mwalimu, kazi hii nina miaka kumi. Zebaki yangu ina kizibo."

"Iliyomwagika haina, Mama Noela."

"Iliyomwagika ipi?"

Wote wakanitazama. Nikasema yote, mpaka yale maji niliyoongeza. Nilingoja kofi, halikuja. Mama aliketi chini vumbini.

"Na mimi ndiye niliyeiweka pale," alisema.

Siku hiyo tulimhamisha bibi. Maofisa wa afya walikuja, wakachimbua sakafu, wakaondoka na udongo wake kwenye ndoo zenye mifuniko. Hospitalini walisema sumu itapungua mwilini polepole, lakini mikono huenda isirudi kama zamani. Mama haweki tena zebaki nyumbani.

Jioni moja bibi aliniita nimshikie kikombe cha uji.

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize, ng'wana wane, mwanangu. Kumwaga ulimwaga mara moja, na huo ni utoto. Kunyamaza ulinyamaza kila siku, miezi mitatu, huku unaniona. Mtu akikosea aseme siku hiyohiyo. Siku ile kosa lako lilikuwa sakafuni tu. Kimya chako ndicho kilicholifikisha mikononi mwangu."

Nilimsogezea kikombe mdomoni, akanywa.

Siku hizi michembe nakata mimi. Vipande vyangu ni vinene, vinachelewa kukauka, na majirani wengi wameacha kuweka oda. Bibi hukaa pembeni yangu kwenye kigoda chake, mikono ameificha ndani ya kanga, akinielekeza.