Macho ya Pijo la Mzee Matano

Pijo la Mzee Matano lilikutwa asubuhi limetolewa macho.

Zilipokuwa taa za mbele palibaki matundu mawili, nyaya zikining'inia. Mwenyewe alilizunguka gari, msuli kiunoni, kofia mkononi, akiomboleza kama aliyefiwa. Nyumba yake ya Mwabungo ilijaa vigelegele na harufu ya pilau, lakini yeye harusi ilikuwa imemtoka moyoni.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta Mwanapili.

"Marahaba, mwanangu. Mkamate Kitsao!"

"Kitsao ni nani?"

"Fundi. Ndiye aliyenifungia taa hizo mwezi jana. Taa za Ulaya, mpwa wangu kaniletea kutoka Ujerumani! Zile za zamani zilikuwa vibatari. Hizi, ukiwasha hapa, Galu wanadhani kumekucha."

"Na leo gari lina safari?"

"Baada ya magharibi linampeleka binti yangu Fauzia kwa mumewe, Msambweni. Watu wa kwa bwana watatupokea Gazi na pikipiki zao. Wallahi, bila taa zile gari halitoki, na bila gari bibi harusi hatoki!"

Lo! Viapo vya mzee huyo mtaa mzima uliviogopa. Aliwahi kuapa hamsemeshi jirani kwa sababu ya kuku, na sasa ulikuwa mwaka wa tisa.

Kitsao alikuwa ameketi juu ya jiwe, konstebo kamsimamia.

"Usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, afande. Muulize mke wangu."

"Nani mwingine anajua kuzifungua?"

Kitsao alitazama chini. "Mimi na... Mimi tu, afande."

Mwanapili aliisikia ile "na", akaiweka akilini. Alichuchumaa mbele ya gari. Hapakuwa na kipande cha kioo kilichovunjika. Skrubu zote zilikuwa zimepangwa ndani ya kisahani juu ya boneti, na kila ncha ya waya imezungushiwa tepu. Mwizi gani huyu, anajeruhi kisha anafunga kidonda?

Kwenye tepu palikuwa na doa jeusi. Alilinusa. Halikuwa grisi. Lilikuwa piko, ile wanayochorea maua ya hina.

"Bwana harusi ni nani, mzee?"

"Kheri. Kijana mwema, ila kupanda hajui. Wiki jana kaanguka mnazini, mkono una bandeji mpaka leo."

"Hebu nikampe bibi harusi mkono wa heri."

Ndani, shangazi watatu walikuwa wamemzunguka Fauzia. Mwanapili aliwaomba watoke, nao wakatoka wakinung'unika. Akaishika mikono ya mwari. Maua ya kushoto yalikuwa safi. Ua la kidole gumba cha kulia lilikuwa limevurugika.

"Umesomea nini, bibi harusi?"

"Umeme wa magari, afande. Kitsao ndiye aliyenianzisha."

"Ziko wapi?"

Fauzia alitazama sanduku lake la harusi. Chini ya kanga mpya, taa mbili zilikuwa zimefunikwa vizuri kama pacha.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kheri hakuanguka mnazini." Machozi yalimtoka. "Alikutana na baba njiani, mwanga ukampofusha, pikipiki ikaingia mtaroni. Atamwambiaje mkwewe? Aibu! Akasingizia mnazi. Mimi nilimwambia baba taa zinaumiza watu, akanijibu mwari hazungumzi mambo ya gari. Leo zinakuja pikipiki arobaini, afande, na Kheri yuko mbele. Nimeziiba mimi."

"Na Kitsao je?"

"Nilitaka kuja kukiri. Shangazi wamenikalia mlangoni!"

Mwanapili alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamwamuru Kitsao aiunganishe taa moja na betri ndani ya stoo isiyo na dirisha, jamaa wote wakichungulia mlangoni. Mwanga ulipiga ukutani: kushoto ulilala chini, kulia ukapanda juu.

"Mzee, simama pale kulia. Wewe sasa ndiye Kheri."

Mzee Matano alisimama, akaziba macho kwa viganja vyote viwili. "Yallah!"

"Kwao Ujerumani wanaendesha upande wa kulia, baba," alisema Fauzia ndani ya buibui lake. "Mwanga unapanda ili wamwone mtu wa kando ya barabara. Kwetu tunaendesha kushoto, na kulia ndiko anakotoka mwenzako." Kisha akamweleza habari ya mtaro, na kukiri kwamba taa alizitoa yeye.

Mzee alichomoa waya wa betri, taa ikazimika.

"Unashtaki?" aliuliza Mwanapili.

"Nimshtaki aliyenizuia nisimuue mkwe wangu? Kitsao, nisamehe, mwanangu. Vile vibatari vyangu viko wapi?"

"Nimekuwekea, mzee. Nipe saa moja tu, vimefungwa."

"Na kiapo?" shangazi mmoja alidakia.

"Nitakitolea kafara. Maskini kumi watashiba pilau leo hii!"

Vigelegele vilipasuka uani. Mzee Matano alitoa simu, akageukia ukuta ili asionekane uso.

"Kheri, mwanangu," alisema. "Ule mnazi uliokuangusha ulikuwa wangu. Nimekwisha kuukata. Njoo umpokee mkeo."