Sajenti na Chicha la Nazi

Kila asubuhi Bibiana alikaa juu ya mbuzi, akakuna nazi mbili na kuchuja tui. Chicha lililobaki alilitupa nyuma ya jiko. Halikukaa hata dakika moja. Sajenti, mbwa wake, alikuwa ameshafika.

Bibiana alikuwa Mshambaa wa Lushoto. Aliteremka pwani na mumewe kufanya kazi kwenye mkonge. Kazi ilipokwisha, walinunua ekari mbili huku Moa. Sasa mumewe alikuwa marehemu, na mwanawe Robert alikuwa mbali. Alibaki na shamba la mahindi na mbwa wa kulilinda.

Na mbwa huyo alikuwa na kazi kweli. Mashamba sita, la Bibiana na ya majirani watano, yalipakana na kichaka cha nyani, na mlinzi wa yote alikuwa Sajenti peke yake. Majirani walimshukuru kwa kumpa chakula. Nyumba hii ilimtengea ukoko wa wali, ile vichwa vya samaki, na zote tano zilimpa chicha. Sajenti alinenepa kama mkwe aliyekuja kutembea akasahau kurudi kwao.

"Huyu si sajenti tena," watu walitania. "Ameshapanda cheo."

Bibiana alicheka nao. Moyoni aliona fahari, maana mbwa mnene alionyesha kuwa mwenye mbwa si mchoyo.

Mwishoni mwa Juni mahindi ya masika yalishika punje, na nyani wakaja. Sajenti alitoka mbio. Alikimbia hatua ishirini hivi, kisha akasimama. Ulimi ulining'inia. Akalala chini.

Dume kubwa la nyani lilimtazama. Likamsogelea kidogo, likavunja hindi, likalimenya na kulila palepale mbele yake, bila haraka yoyote. Bibiana alikuwa hajawahi kuona jambo kama lile. Alipiga debe na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hata hivyo, nusu ya mahindi yake ilikwenda siku hiyo, na hicho ndicho kilikuwa chakula chake.

"Mbwa wako kachoka, Mama Robert," alisema Mzee Kombo, jirani yake. "Mahindi ya vuli yakiliwa hivi, tutakula nini? Tafuta mwingine."

Bibiana alimwita mbwa wake, akarudi naye nyumbani. Sajenti alikuwa na miaka minne tu. Tena Bibiana alijua mbwa asiye na kazi huishia wapi.

Wiki iliyofuata alikuja Najat, afisa mifugo, kuchanja mbwa dhidi ya kichaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mchanje, halafu uniambie ana ugonjwa gani. Hawezi kukimbia."

Najat alivaa glavu, akamkagua miguu, meno na macho. Kisha akaomba mizani. Mzee Kombo alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ya kupimia mbata, zile nazi kavu. Sajenti alifungwa ndani ya gunia, akaning'inia huku akishangaa.

"Kilo thelathini na mbili," alisema Najat. "Kwa umbo lake, ishirini na tano zingemtosha. Mama, pitisha vidole juu ya mgongo wa kiganja chako. Unaisikia mifupa?"

"Naisikia."

"Mbavu za mbwa mwenye afya husikika hivyo. Haya, mpapase."

Bibiana alipapasa. Ilikuwa kama kubonyeza godoro. Alitafuta ubavu mmoja tu, asiupate.

"Anakula nini?"

"Mabaki tu. Na chicha, lakini hilo ni makapi. Tui limeshatoka."

Najat alichukua ukurasa wa daftari, akaweka chicha kidogo katikati, akakunja na kusugua. Alipoufungua, ukurasa ulikuwa umelowa mafuta. Bibiana aliunyanyua juani, akaona kidole chake upande wa pili. Miaka yote hiyo alikuwa akimwaga mafuta nyuma ya jiko lake.

"Sasa sikiliza," Najat alisema, akamwekea masikioni kifaa cha kusikilizia moyo. "Amelala tu hapa, hajakimbia popote."

Bibiana alisikia. Du-du, du-du, du-du, mbiombio, bila kupumzika. Moyo mmoja ulikuwa unabeba mzigo wote huo, na yeye alikuwa akiuongeza kila asubuhi.

"Nimwache na njaa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Ukimkatia chakula ghafla ataugua. Mpe bakuli moja asubuhi na moja jioni. Ugali kidogo, dagaa, na boga au mchicha uliochemshwa bila mafuta wala chumvi. Maji yasikosekane. Mtembeze jua likiwa halijawaka, mwendo mfupi kwanza, uongeze polepole. Akihema sana, pumzikeni. Nitampa dawa ya minyoo pia. Na usiwe na pupa, mama. Hii ni kazi ya miezi."

Najat alimzungusha Sajenti kamba ya katani kiunoni na kupiga fundo pale ilipokutana. "Pima kila Jumapili. Kamba ikianza kulegea, ujue anapungua."

Bibiana alifuata kila neno. Jumapili nne zilipita. Kamba haikulegea hata kidogo.

Asubuhi moja aliamua kumfuata mbwa wake. Sajenti alimaliza bakuli, akajinyoosha, akaondoka kama karani anayewahi ofisini. Nyumba ya kwanza alikula ukoko na chicha. Ya pili, chicha. Ya tatu, chicha na kichwa cha samaki. Ya nne walimwita kwa jina, wakampa chicha. Ya tano ilikuwa ya Mzee Kombo, na chicha lilikuwa linamngoja kwenye kifuu, safi kabisa. Bibiana alisimama nyuma ya ua, mikono kichwani.

"Mzee, shikamoo. Naomba usimpe tena."

Mzee Kombo alikunja uso. "Mama Robert, mimi simshiki, lakini fadhila zake nazijua. Kanilindia shamba miaka mitatu. Leo nimnyime chicha?"

Bibiana alifungua fundo la kanga, akatoa ukurasa wa Najat. Ulikuwa bado unang'aa mafuta.

"Haya yametoka kwenye chicha kidogo tu, mzee. Yeye anakula la nyumba tano. Shukrani zetu ndizo zilizomlaza chini siku ile."

Mzee Kombo aliugeuza ukurasa juani, upande huu na upande ule.

"Na mimi shukrani yangu niipeleke wapi?"

"Mwekee maji shambani. Akizunguka huwa na kiu."

Siku hiyohiyo Mzee Kombo aliweka karai la maji mpakani, na yeye mwenyewe akapita nyumba hadi nyumba kuwaeleza wengine. Chicha likawa la kuku, nalo likawekwa ndani ya uzio. Jumapili ya pili kamba ililegea upana wa kidole. Bibiana aliitazama mpaka machozi yakamtoka.

Ilipofika Januari, mizani ya mbata ilisoma kilo ishirini na sita. Mahindi ya vuli yalikuwa yameshika punje.

Nyani walikuja asubuhi. Dume lilelile lilitangulia, likavunja hindi, likaanza kulimenya. Sajenti aliinuka. Hakubweka. Alichomoka tu, akakatiza shamba la Bibiana, akaruka mfereji, akapita karai la maji bila kuligusa. Majirani waliacha majembe wakasimama. Dume lilitazama mara moja, likadondosha hindi na kukimbia, na kundi zima likalifuata kichakani.

Kisha Mzee Kombo akasema polepole, "Subhanallah."

Jioni Bibiana alimpimia bakuli moja. Sajenti alilimaliza, akatazama nyuma ya jiko, akamtazama yeye.

"Hakuna," alimwambia.

Aliweka mkono ubavuni mwake, akazihesabu mbavu kwa vidole, moja baada ya nyingine. Chini yake moyo ulikuwa unapiga taratibu.