Zamu ya Upepo

Jioni hiyo ya Novemba Reinhilde alitoka nyumbani kwenda kuchukua mashine ya mazoezi ya baiskeli tu, safari ya kawaida, na mvua ya Flandria, huko Ubelgiji, ilikuwa haijaamua kunyesha wala kuacha. Mwanawe Wietse alikuwa amebakiza msimu mmoja. Asipopata timu ya kumwajiri mwaka unaokuja, habari ya mashindano ya baiskeli imekwisha, atakwenda kupanga masanduku ghalani kama wenzake. Barabara zilikuwa matope matupu, na bega alilovunja wakati wa kiangazi lilikuwa bado halijamkaa sawa. Ilibidi afanye mazoezi ndani, gerejini.

Dukani walikuwa wamemweleza mpaka kichwa kikamuuma. Ipo ile ya ngoma tatu zinazoviringika, unaendesha juu yake bila kushikiliwa na kitu, ukisinzia umeanguka. Ipo ile inayobana gurudumu la nyuma, inakula tairi na kupiga kelele. Na ipo ile nzito: unang'oa gurudumu la nyuma kabisa, mnyororo unavishwa kwenye mashine yenyewe, nayo ndiyo inayokupa mlima au tambarare kadiri unavyotaka. Hiyo ya mwisho ni kimya. Nyumba zao zimeshikana ukuta kwa ukuta, na jirani yao Lutgart husikia hata mtu akikohoa. Reinhilde aliitaka hiyo, ila bei ilimfukuza dukani. Ndipo akaona tangazo la mzee mmoja wa kijiji cha pili, Achiel, anauza yake iliyotumika.

Mzee alikuwa ameshaiweka mlangoni, imefungwa blanketi. Hakumkaribisha hata kikombe cha kahawa, jambo ambalo watu wa huko hawalifanyi hata kwa mkusanya kodi. Alisema ilikuwa ya mwanawe Ward, marehemu. Reinhilde akampa pole, wakaibeba pamoja mpaka kwenye gari.

"Huyo kijana wako," mzee alisema akifunga buti la gari, "mwambie aendeshe peke yake."

"Gerejini, mzee? Ataendesha na nani?"

Mzee hakucheka. Alirudi ndani akafunga mlango kwa komeo.

Huko watoto hujua baiskeli kabla ya kujua kusali, na kabla ya baiskeli hujua upepo. Wakiwa wawili barabarani, mmoja hukaa mbele akaupasua upepo, mwingine hujificha nyuma ya gurudumu lake akapumzisha miguu. Wa mbele akichoka hachezi na maneno. Hutikisa kiwiko, akasogea kando, na wa nyuma hupita mbele kuchukua zamu. Anayepokewa zamu lazima naye apokee akiombwa. Anayekaa nyuma tu hudharauliwa mpaka kwenye baa. Reinhilde aliijua sheria hiyo tangu usichana, alipokuwa akishindana mwenyewe.

Kwa hiyo jioni ya kwanza alipochungulia kwenye kioo cha mlango wa gereji, akamwona Wietse anatikisa kiwiko cha kulia peke yake mbele ya ukuta, alicheka. Mazoea hayana dawa, alijisemea, akarudi kwenye pasi yake.

Mashine ilikuwa ikivuma kwa sauti ndogo. Kisha ikavuma kwa sauti mbili.

Alisimamisha pasi. Akasikiliza... Mvumo mmoja wa hapa karibu. Na mwingine, mzito kidogo, kama unatokea mbele yake.

Wietse aliingia jikoni ametota jasho, anacheka. Alisema leo miguu haikuwa na uzito hata kidogo, ilifika mahali mnyororo ukalegea na bado namba za nguvu kwenye skrini zinapanda.

"Mashine ya mzee ina mapenzi na mimi, Mama. Kuliko Lutgart."

Alinukia dawa ya kuchua ya kafuri, kama kawaida yake. Lakini chini ya kafuri kulikuwa na harufu nyingine, ya majani yaliyooza mtaroni na lami iliyolowa. Harufu ya barabara. Naye hakuwa ametoka nje siku hiyo.

Kufika Desemba alikuwa na nguvu ambazo hajawahi kuwa nazo. Kocha wa timu moja alipiga simu mwenyewe, akitaka kumwona. Reinhilde angefurahi, angepika kuku mzima, kama si kwamba mtoto alikuwa anakonda mbele ya macho yake. Viazi alivirudisha sahanini. Mashavu yaliingia ndani. Na midomo ilikuwa imepasuka, kama ya mtu aliyeshinda kwenye upepo wa baridi, na gereji ile haina hata dirisha.

Alipombana sana, Wietse alinong'ona.

"Kuna mtu mbele yangu, Mama. Naona mgongo tu. Nikitikisa kiwiko, anapita."

"Na yeye akitikisa?"

"Bado hajatikisa."

Reinhilde aliogopa. Alimkataza kuigusa mashine, akamwapisha kwa jina la baba yake marehemu, kisha akachukua gari, na ndara za nyumbani miguuni, akaenda kwa Achiel.

Safari hii mzee alimfungulia. Alikaa mezani na mikono juu ya kitambaa, akaongea kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Ward naye alisema kuna mtu mbele. Ward naye alishinda mashindano matatu majira hayo ya kuchipua, kisha akakutwa asubuhi moja juu ya baiskeli, ameshaganda, viatu bado vimebanwa kwenye kanyagio. Mashine ilikuwa imenunuliwa mkononi mwa mtu. Aliyeiuza, mzee hakumwuliza ilikuwa ya nani.

"Baada ya mazishi ikawa inazunguka yenyewe," mzee alisema. "Nikadhani ni Ward. Nimekaa naye mle chumbani miaka, nikimwambia mwanangu pumzika. Sasa sijui. Labda ni Ward. Labda ni yule aliyekuwa mbele yake."

"Kwa nini uliniuzia mimi?"

Mzee aliangalia mikono yake.

"Nilimsikia amechoka," alisema. "Nilitaka apate wa kumpokea."

Reinhilde hakumtukana. Hakuwa na muda.

Aliporudi, kutoka barabarani tu aliusikia mvumo. Lutgart alikuwa amesimama mlangoni kwake na koti begani, akauliza hao vijana wangapi leo, mbona nyumba inatetemeka. Reinhilde alimpita.

Gerejini taa ilikuwa imewaka. Wietse alikuwa juu ya baiskeli, ameinama, miguu inazunguka kwa kasi ambayo magoti ya mtu hayapaswi kwenda. Uso ulikuwa mweupe pe. Nywele zake zilikuwa zinapepea kuelekea nyuma.

Feni ilikuwa imezimwa.

"Alitikisa kiwiko," alisema bila kugeuka. "Ningekataaje, Mama? Amenivuta wiki zote hizi."

Reinhilde aling'oa waya ukutani. Skrini ikafa. Mashine ikaendelea. Alimshika kiunoni akamvuta, mwenyewe akatupwa ukutani kama nguo. Alijaribu kufungua viatu, kanyagio likamchana vidole. Nyuma ya mwanawe, kwenye ile nafasi ya mkeka mtupu, kulikuwa na pumzi. Pumzi nyingi. Watu waliojificha upepo, wamepumzika.

Hakuna hata mmoja wao aliyesogea kumpokea.

Basi Reinhilde akaja kusimama ubavuni mwa mwanawe, mdomo sikioni.

"Niombe mimi."

"Hapana, Mama."

"Wietse. Niombe mimi."

Kijana alianza kulia. Kiwiko kikatikisika, kidogo sana.

Viatu vikaachia vyenyewe. Wietse akateleza chini, akalala kwenye mkeka kwa ubavu, na Reinhilde akapanda na ndara zake za nyumbani. Upepo ukampiga usoni hapohapo, upepo wa mashambani wenye mvua, ukampokonya pumzi. Ukuta haukuwepo. Ilikuwepo barabara, nyembamba, nyeusi, na mitaro pande zote mbili.

Hakuogopa tena. Alimwita mtoto anyanyuke, ale supu iliyoko jikoni, akapashe miguu. Alipogeuka kumtazama, Wietse alikuwa bado amelala palepale mkekani, macho wazi, na kifua hakipandi.

"Nyanyuka," alimwambia. "Nyanyuka, mwanangu. Nimeshakupokea."

Kisha harufu ya kafuri ikamjia, kutoka nyuma yake, karibu kabisa. Na sauti ile ya ujanani aliyoizoea, ya mtu aliyepata nafuu baada ya kazi kubwa, anavuta pumzi polepole nyuma ya gurudumu lake.

"Hapa hakuna upepo, Mama," alisema Wietse. "Usisogee kando."

Reinhilde alilia kwa sauti. Halafu aliinamisha kichwa, akaongeza gia, akaendelea kukanyaga.