Marehemu Anagombea Urais

Pikipiki mbili nyuma. Saa tisa na dakika arobaini alasiri.

Jasusi waliyemwita Mwiba alikata kona, Toyota ikalalia magurudumu mawili. Bibi aliyekaa nyuma akang'ang'ania mlango.

"Polepole, mwanangu. Nikifa nani atakula kiapo?"

Swali zuri. Ndilo lililowaleta wale wa pikipiki.

Redio ilikoroma. "Mwiba, uko wapi?"

"Nakaribia."

"Pingamizi zinafungwa saa kumi kamili. Daftari la vifo wamelichoma jana. Huyo mama ndiye ushahidi pekee."

"Najua."

"Akinyamaza, tumekwisha."

Sheria haina mjadala: hujafika miaka arobaini, hugombei urais. Mgombea wa hao wanaowafukuza, kijana aliyelelewa na mabwana wa ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo, ana thelathini na saba. Basi wakamvisha cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyefariki akiwa na miaka mitatu. Mtoto wa huyu bibi. Angekuwa hai, sasa angekuwa na arobaini na moja. Watu hawa hawana haya!

Risasi ikapasua kioo cha nyuma.

Mwiba alikanyaga breki ghafla. Pikipiki ya kwanza ikajibamiza kwenye buti. Ya pili ilimkwepa mwenzake, ikaishia mtaroni. Bastola yake ya Glock haikutoka hata kiunoni.

Bibi alikung'uta vigae vya kioo mapajani.

"Walikuja kwangu juzi," alisema. "Eti ninyamaze tu, naye ataniita mama maisha yangu yote."

"Ukasemaje?"

"Sikusema kitu. Kila nguzo ya barabarani ina bango lenye jina la marehemu wangu, mwanangu. Miaka thelathini na nane nalitaja peke yangu, leo watu wanaliimba. Asubuhi natoka nje, nasikiliza."

Hilo lilimwogopesha Mwiba kuliko risasi, tusifichane. Mtu akiamua kumfufua mwanawe, utamzuia kwa bunduki gani?

Saa tisa na dakika hamsini na sita. Ukumbi wa tume. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa mezani, miwani puani, muhuri mkononi. Mgombea aliinuka, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Bibi alimsogelea, akamtazama usoni.

"Marahaba."

Kwisha habari yetu, Mwiba alijisemea.

"Marahaba, mwana wa mwenzangu," bibi akamalizia. Akamgeukia msimamizi. "Wangu nilimzika mwenyewe. Niapishe."

Aliapa huku akilia, neno kwa neno, hakuruka hata moja. Ikibaki dakika moja, muhuri ulitua kwenye fomu: HANA SIFA. Askari wakamzunguka mgombea.

"Mwiba, kazi safi," redio ilinong'ona. "Toweka."

Mlangoni mlinzi alimsogezea kitabu cha wageni. "Jina, bosi, na saa ya kutoka."

Mwiba alishika kalamu. Jina lililo kwenye kitambulisho chake Idara ya ujasusi ililiokota kwenye jiwe la kaburi. Mtoto wa miaka miwili, aliyeuawa na surua. Amelitumia miaka kumi na moja, hajawahi kuuliza kama mama yake mtoto yule bado yuko hai.

Akaandika saa tu.

"Bosi, jina!"

"Si langu," alijibu, akavaa miwani ya jua, akateremka ngazi.