Mdomo wa Uzi Mwekundu

Sogeeni, sogeeni hapa karibu. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, leo mlango si mahali pa kusimama. Wanaotafuna, mezeni. Nataka kimya cha kusikia sindano ikipita kwenye kitambaa, maana mambo haya yalianza na sindano, na mtoto wa watu nusura apotee kwa kuitika "abee".

Palikuwa na fundi wa kushona, mjane, waliyemwita Bi Chiriku kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno. Sauti yake ilifika sokoni kabla yake. Akipiga chafya, mtaa mzima humwambia pole. Aliishi na mjukuu wake wa kike wa darasa la kwanza. Mama wa mtoto alifanya kazi mbali, na kila alipoaga aliacha neno lile lile: "Mama, nina huyu mmoja tu."

Sasa mwalimu wa darasa lile alikuwa anastaafu. Wazazi wakakubaliana wampe blanketi la viraka: kila mtoto achore watu wa nyumbani kwao kwenye kipande cha kitambaa cheupe, kwa kalamu za nta. Bi Chiriku avipige pasi rangi ishike, aifuatishe michoro kwa uzi, kisha aviunge.

Alishona huku akicheka peke yake. Baba wa mtoto mmoja alikuwa kichwa na miguu, tumbo hana.

"Huyu chakula anakiweka wapi jamani?"

Akafika kwenye kipande cha mjukuu wake. Mama yumo. Bibi yumo, mdomo wazi. Na pembeni yao mtu mrefu mweusi, mikono mpaka chini, macho mawili, mdomo hana.

"Maskini, kasahau."

Akatunga uzi mwekundu, akamtia mdomo, tena wenye tabasamu. Mkasi haukuwa karibu, basi akaukata uzi kwa meno, mate yakalowesha ncha, kama alivyokata nyuzi zake tangu usichana.

Papo hapo chumba kikanuka nta inayoungua. Akaigusa pasi. Ilikuwa baridi.

Akabana pini kwa midomo aendelee na kazi. Kabla hajakaa sawa, mjukuu akaingia mbio kutoka uani.

"Abee, bibi!"

Bi Chiriku alikuwa bado na pini midomoni. Akazitema kiganjani. "Abee ya nini? Nani kakuita?"

"Wewe."

"Na pini zote hizi mdomoni? Nikuite kwa pua?"

"Umeniita, bibi. Umesema nije kwenye tangi."

Tangi la maji lilikuwa uani, limechimbiwa chini, na mfuniko wake wa bati mtoto alikatazwa kuugusa.

"Hayo masikio yamejaa nta kama kalamu zako. Nenda kacheze."

Lakini mtoto hakwenda. Alikuwa amekiona kitambaa mapajani mwa bibi yake, na uso ukamsawajika.

"Bibi," alinong'ona, "nani kamtia mdomo?"

"Mimi. Wewe si ulimsahau?"

"Sikumsahau. Ndivyo alivyo. Yule anasimama stoo, nyuma ya mlango. Kila siku ananiita kwa mkono, na mimi siendi. Sauti alikuwa hana."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ulikuwa unaongea."

Neno hilo lilimchoma bibi kuliko pini. Akajifanya jasiri. "Haya, tutamfumua sasa hivi. Niletee mkasi, uko chumbani kwangu."

Mtoto akatoka. Nyumba ikatulia, jua la mchana likawaka dirishani. Ndipo uani ikasikika sauti ya mwanamke, ya upole, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, na Bi Chiriku akaijua kama mtu anavyoijua kanzu yake mwilini mwa mtu mwingine.

"Mkasi nimeusahau huku, mama. Njoo uuchukue. Huyo wa ndani siye, usimwitike. Bibi yako ni mimi."

"Abee," alijibu mtoto, na ndara zake zikapita nje ya dirisha, pa, pa, pa.

Bi Chiriku akafumbua mdomo apige kelele usiende, rudi, lakini kilichotoka ni pumzi tupu, na kila neno alilolisukuma kifuani lilikwenda kutokea uani likiwa limegeuzwa, akisema simama linasema sogea, akisema rudi linasema inama, na huku ile harufu ya nta ikimkaba na bati la mfuniko likianza kuburuzwa juu ya saruji, akajaribu kuinuka nyonga ikagoma, akaanguka juu ya kitambaa, uso kwa uso na lile tabasamu, na tabasamu lilikuwa linachezacheza, basi akakumbuka alivyoukata ule uzi, akaubana kwa meno yale yale akavuta, ukaja mshono baada ya mshono kama mtu anayejing'oa ulimi.

"Inama kido—"

Kimya.

Mtoto akarudi na ndara moja. Nyingine ilikuwa ikielea tangini. Magoti yake yalikuwa mekundu kwa kutu.

Bi Chiriku akamkumbatia, kisha akafumbua kinywa autoe uzi kwa ulimi. Uzi haukuwemo. Akataka kusema alhamdulillahi. Sauti nayo haikuwemo.

Kile kipande walikichoma jikoni. Mtoto akachora kingine, bibi peke yake, mdomo mkubwa kuliko kichwa. Mwalimu akalipokea blanketi akilia, asijue lolote. Tangu hapo Bi Chiriku alimwita mjukuu wake kwa kugonga meza kwa kastabini, ile kofia ya chuma anayovaa fundi kidoleni, mpaka siku ya kufa kwake.

Siku waliyomzika, waombolezaji wamenyamaza, mjukuu, sasa mtu mzima, alisikia nyuma ya mlango wa stoo mtu akimwita "mama", kwa upole, na mkwaruzo kidogo mwishoni. Aliuziba mdomo wake kwa mikono yote miwili.

Nyumba ya Bi Chiriku alirithi binti yake. Cherehani na kastabini alirithi mjukuu. Sauti aliirithi yule mrefu, na katika ukoo ule hakuna anayeitika mpaka kwanza aone mdomo uliomwita.