Sindano Kumi na Tatu

Simu ilitetema.

"Kipanga, maziwa yameharibika."

Maana yake ni moja tu: adui yumo kambini.

Jasusi Kipanga alikuwa tayari anapanda ngazi tatu tatu, bastola ya Glock mkononi. Juu yake alikimbia muuguzi wa kambi ya walinzi wa Ikulu, kakumbatia sanduku la barafu. Akamfikia kwenye mlango wa paa. Akampiga mtama.

"Umewachoma wangapi?"

"Ni chanjo ya homa tu, kaka..."

"Mimi si kaka yako. Wangapi?"

"Mmoja. Kumi na wawili bado wako foleni."

"Umewachoma nini?"

"Peptidi, kipande kidogo cha protini. Inafanana na dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Inauzuia ubongo usiziamuru tezi za juu ya figo kutoa homoni ya kotisoli. Mtu anajiona shwari kabisa. Lakini msukosuko ukija, mwili hauna cha kupambana nao. Presha inaporomoka."

"Msukosuko gani?"

"Risasi. Saa nne kamili, mgeni wa Rais akishuka garini. Mpigaji yuko kwenye Prado nyeupe, mkabala na lango."

Saa tatu na dakika arobaini.

Kipanga alibonyeza redio. "Lango, hapa paa. Prado nyeupe mbele yenu, mna mpigaji ndani. Mnaseni. Vunjeni foleni ya chanjo. Daktari aje na haidrokotisoni, dawa ya kurudisha kotisoli, mbio!"

"Nimekupata."

Nyuma yake kitu kizito kilianguka.

Alikuwa Kicheko, mlinzi aliyezoea kuwavunja wenzake mbavu kwa utani. Ndiye yule mmoja aliyechomwa. Alisikia vurumai, akapanda ghorofa nne kuja kusaidia. Sasa amelala kwenye ngazi, midomo myeupe, jasho jembamba likimtoka.

"Afande," alinong'ona, "mbona siogopi?"

"Tulia. Daktari anakuja."

"Nimetulia mno. Hilo ndilo..."

Hakumaliza.

Daktari alifika anahema. Alidunga sindano, akakandamiza kifua, akahesabu, akakandamiza tena. Mwishowe akaketi kwenye ngazi na kutikisa kichwa.

Muuguzi alianza kulia.

"Nyamaza," Kipanga alisema, akamfunga pingu.

Redio ilikoroma. "Tumemnasa. Alikuwa na bunduki ya darubini. Mkuu, mgeni amefika. Anauliza kama ni salama kushuka."

Kipanga alimfumba Kicheko macho. Akafunga kifungo cha koti.

"Mwambie ashuke," alisema.

Akateremka ngazi polepole, bila kugeuka.