Gari Lililosikiliza Mioyo

Vigelegele vya Bi Tabitha vilikuwa bado havijaisha gari lilipopunguza mwendo, likageuka lenyewe na kuanza kurudi Singida.

"Moyo wa abiria wa kiti cha pili umevuka kiwango," lilisema kwa sauti ya upole. "Tunaelekea hospitali iliyo karibu. Tafadhali tulieni."

"Moyo wangu?" Bi Tabitha aling'aka. "Mimi nimeuona mlima wa kwetu! Mtu akiuona Hanang baada ya miaka kumi na tisa afanye nini, apige miayo?"

Mhandisi Sikitu Mghenyi, binti yake, alitamani kucheka lakini hakuweza. Gari-linzi lilikuwa kazi ya mikono yake. Kila kiti kilifumwa kwa nyuzi-sikivu zilizohesabu mapigo ya moyo kupitia nguo, na gari, lisilo na usukani wala dereva, lilimkimbiza hospitali yeyote ambaye moyo wake ulienda mbio kupita kiasi. Kanuni hiyo aliitunga baada ya baba yake kufia safarini, moyo ukienda mbio hadi ukasimama huku wenzake wakidhani amesinzia. Miaka sita sasa, hakuna mtu aliyekufa hivyo tena nchi nzima. Sikitu alijivunia jambo hilo, na alikuwa na haki. Ila mioyo aliyoipima maabara ilikuwa ya watu waliokaa kimya. Vigelegele havikumjia akilini hata kidogo, yeye, mtoto wa mama huyu!

"Tulia basi, mama. Nakuomba."

"Nimetulia. Mwambie na huyo mtoto wako wa bati atulie."

Mapigo yaliposhuka, gari lilikubali kugeuka tena kuelekea Hanang, lakini kwa onyo: kiwango kikivukwa mara ya pili, njia hiyo ingefungwa kwa familia nzima kwa siku tisini. Sikitu alimtazama mama yake mwenye miaka themanini na mitatu. Mume wa Sikitu na kaka zake walikuwa wametangulia jana kusimamisha mahema chini ya mlima, mahali alipozaliwa Bi Tabitha, ili familia ilale huko siku mbili. Siku tisini zilikuwa nyingi mno. Alijiapia moyoni kwamba leo, liwalo na liwe, mama yake angelala Hanang.

Bi Tabitha alimgusa bega mjukuu wake, Penueli, aliyekuwa na miaka minane. "Mke mwenzangu, mbona kimya? Unaogopa nitakunyang'anya mume?"

Penueli alitabasamu kidogo tu, akageukia dirishani. Wakati huohuo ziwa lilitokea upande wa kushoto, na ukingo wake wote ulikuwa umejaa heroe, maelfu kwa maelfu, wekundu hadi maji hayakuonekana. Sikitu mwenyewe alishusha pumzi. Penueli akafumba macho. Aliweka kiganja kifuani, akaanza kuhesabu kinyumenyume kwa kunong'ona.

"Penu, unafanya nini? Hutazami ndege?"

"Naushusha moyo, mama. Nikiwatazama utapanda."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Darasani wote tunajua. Tulipokuwa tunaenda kwa shangazi nilifurahi, gari likaturudisha, ukakasirika. Sasa nikiona kitu kizuri nafikiria vitu vya kuchosha."

"Kama vipi?"

"Kama wewe na baba mkiongea habari za kazi."

Bi Tabitha hakucheka. Sikitu alimgeukia mtoto. "Na tukishashuka garini? Si unafurahi?"

Mtoto alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Tukishashuka nakuwa nimeshazoea."

Sikitu aliona aibu, aibu ya kutaka kujificha. Kisha hasira ikaja, na hasira ilimfaa zaidi. Aliweka kidole gumba kwenye kioo cha mbele na kutamka neno la siri la wahandisi. Gari likasimama kando ya barabara.

"Kilomita tatu zimebaki," alisema. "Tunatembea."

"Abiria wa kiti cha pili hashauriwi kutembea," gari lilisema.

"Abiria wa kiti cha pili alikuwa anaenda shule kilomita saba," Bi Tabitha alijibu, akitafuta kanga yake. "Nipeni mkono nishuke."

Sikitu alijitwika sufuria ya pilau, akafunga mablanketi mgongoni. Walikwenda polepole, wakipumzika kila Bi Tabitha aliposema. Mwanzoni Penueli alitembea karibu na mama yake, akigeuka mara kwa mara kulitazama gari. Lilipopotea nyuma ya mteremko alianza kurukaruka, kisha akakimbia, akakimbia kwa nguvu zake zote kuufuata mlima, akajikwaa na kuanguka kifudifudi.

Kilio chake kilisikika bonde zima. Sikitu alikimbia hatua mbili, akasimama. Hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia mwanawe akilia kwa sauti. Labda miaka minne, labda zaidi. Alikuwa akimsifu kwa watu kwamba ni mtoto mtulivu.

"Si umwinue?" Bi Tabitha aliuliza.

"Namwinua, mama," Sikitu alisema, machozi yakimtoka chini ya sufuria. "Ngoja kwanza alie."